Jinsi ya kusoma pafu la panya wa maabara aliyeugua sepsis, kwa mnaoanza

Naandika hii kwa ajili ya wadogo zangu mnaofanya masters au projekti ya mwaka wa mwisho, mmepewa boksi la slaidi za mapafu ya panya, supavaiza kasema "angalia kama pafu limeumia" alafu kaondoka. Nilipita hapo hapo. Nilikaa mbele ya hadubini siku nzima naona pinki na zambarau tu, sijui nianzie kona ipi, na wa kumuuliza hakuwepo, kwaiyo yale niliyokuja kuyajua baadae kwa kuungaunga nayaweka hapa sehemu moja na kwa Kiswahili, mana mimi nilivyoyatafuta kwa Kiswahili sikuyapata.

Sifundishi hapa namna ya kumuambukiza panya. Hilo lina kibali chake cha kamati ya maadili, lina protokali yake na mtu wa kukusimamia, kama huna hivyo vitatu usianze. Hapa tunaanzia pale panya keshaugua na wewe unatakiwa useme pafu lake limepatwa na nini. Na nikisema panya namaanisha wale weupe au weusi wadogo wa maabara pamoja na wakubwa wa aina ya Wistar au Sprague Dawley, sio panya buku wa Morogoro wanaonusa makohozi ya TB, wale wana kazi yao nyingine kabisa.

Kwanza elewa ni nini kinavuja

Hili ndo la kushika kabla ya yote, ukilishika mengine yanajipanga. Kwenye sepsis, yaani pale maambukizi yanapoufanya mwili ujibu kwa nguvu mpaka unajiumiza wenyewe, pafu linavuja. Ukiangalia slaidi huku unajiuliza "maji na protini vimetoka wapi vimeenda wapi" utaona vitu vingi kuliko ukianza kuhesabu seli.

Kati ya hewa na damu ndani ya pafu kuna kuta mbili, moja ni seli za kifuko cha hewa na nyingine ni seli za mshipa mdogo kabisa, kapilari. Pale palipo pembamba kuta zote mbili pamoja ni mikromita 0.2 mpaka 0.3 hivi, wakati seli nyekundu moja ya binadamu ina upana wa mikromita 7 hivi, sasa fikiria wembamba huo. Ndo unaoruhusu oksijeni ipite, na ndo unaofanya pafu liumie mapema.

Bakteria wakizidi mwilini vipande vya miili yao vinasambaa kwenye damu. Kinachojulikana zaidi ni LPS, ile endotoksini ya ganda la nje la bakteria wa gram hasi, ambayo Richard Pfeiffer alianza kuieleza 1892 akifanya kazi na bakteria wa kipindupindu. Mwili unaitambua kupitia kipokezi kinaitwa TLR4, na kilijulikana kwa sababu ya panya: kuna ukoo wa panya unaitwa C3H/HeJ ambao ukiwapa LPS hawashtuki, timu ya Bruce Beutler ikafuatilia kasoro yao mpaka kwenye jini (gene) lenyewe, 1998, na 2011 akapata Nobeli pamoja na wenzake wawili. Kwaiyo ukikuta kwenye paper wametumia C3H/HeJ usidhani wamechukua tu panya aliyekuwepo bandani, ni kontroli, yaani kundi la kulinganishia, ya makusudi.

Kengele hiyo ikilia neutrofili, zile seli nyeupe za damu za kupambana na bakteria, zinaamshwa. Sasa kapilari za pafu ni nyembamba kuliko neutrofili yenyewe, siku za kawaida inajibinya inapita, ila ikishaamshwa inakuwa ngumu, inakwama. Ndo mana pafu linajaa neutrofili hata kama bakteria wako tumboni. Zikikwama zinamwaga vimeng'enya, zinamwaga oksijeni kali inayounguza, na zingine zinatoa nyavu za DNA yao wenyewe (hilo la nyavu lilielezwa 2004). Ute wa sukari unaolinda ndani ya mshipa unabanduka, maungio ya seli na seli yanaachia, maji na protini vinatoka. Upande wa hewa nako kuna seli za aina ya pili, hizi zina pampu za kunyonya maji na ndo zinatengeneza safaktanti inayozuia vifuko visisinyae. Zikiumia maji hayanyonywi, na protini ya damu iliyovujia ndani inaharibu safaktanti iliyobaki, vifuko vinajifunga, damu inapita pale ila haikutani na hewa.

Kwaiyo sehemu kubwa ya uharibifu inafanywa na majibu ya mwili wenyewe. Bakteria nao wana mchango wao wa moja kwa moja, pneumokoka kwa mfano ana sumu inayotoboa seli, ila usitegemee kumuona bakteria kwenye kila slaidi iliyoumia. Kwenye panya ambaye utumbo wake ulifungwa na kutobolewa unaweza usimuone hata mmoja pafuni na pafu likawa limeharibika.

Uliza panya aliuguaje kabla hujagusa slaidi

Kuna njia kuu tatu na kila moja inaacha alama tofauti, ukizichanganya utaandika vitu ambavyo havipo.

Ya kwanza ni bakteria kuingia moja kwa moja kwenye njia ya hewa, yaani nimonia, mara nyingi Klebsiella, Pseudomonas au pneumokoka. Hapa ukuta wa kifuko ndo unaumia kwanza. Utaona mabaka, sehemu moja imejaa usaha pembeni yake kuna pafu zima kabisa, na neutrofili ziko ndani ya vifuko vya hewa.

Ya pili ni CLP, ile ya kufunga sikamu, sehemu ya mwanzo ya utumbo mpana, na kuitoboa ili kinyesi kivujie tumboni. Imekuwa ikitumika kwa panya tangu miaka ya 1980 na inafanana zaidi na mgonjwa aliyetobokewa utumbo. Hapa ugonjwa unakuja kwa damu, kwaiyo mshipa ndo unaumia kwanza, na pafu mara nyingi linaumia kiasi tu: kuta zimenenepa, neutrofili zimekwama kwenye kuta, ndani ya vifuko hamna kitu kikubwa. Wengi wanakata tamaa hapa, wanaona picha kwenye papers za watu pafu limekuwa jekundu lote na la kwao limetulia, wanadhani wamekosea. Hujakosea. CLP ndo ilivyo.

Ya tatu ni LPS peke yake, ya kuvuta au ya sindano. Hii ni sumu bila bakteria hai, inakupa uvimbe unaotabirika, kama ni ya kuvuta neutrofili zinaingia kwenye vifuko ndani ya masaa machache, zinakuwa nyingi kwenye saa 24 mpaka 48 hivi alafu zinaanza kuondoka. Ni nzuri kwa kujifunza ila usiite maambukizi, mana hayapo.

Uliza pia saa. Panya wa saa 6 na panya wa saa 24 ni vitu viwili tofauti hata kama wote wako kwenye boksi moja. Na uliza kama walipewa maji ya chumvi chini ya ngozi na antibayotiki, kwa sababu maji uliyompa mgonjwa anayevuja utayakuta pafuni.

Kazi inaharibikia mezani

Naomba hapa mtulie kidogo. Slaidi zangu za kwanza nilizipigia maksi wiki tatu. Kuta nene kila mahali, nikafurahi, nikaandika kwenye daftari kwamba injari, yaani kuumia kwa pafu, ni kubwa. Nilipofunguliwa kodi za magrupu, yaani namba zilizoficha nani ni wa grupu lipi, nikakuta kontroli, panya wazima ambao hawakuguswa na kitu, wana maksi karibu sawa na wagonjwa. Nililia kweli. Tatizo lilikuwa ni kwamba aliyetoa mapafu hakuyajaza, aliyakata akayadumbukiza kwenye fomalini yakiwa yamesinyaa, na mimi sikuuliza. Pafu lililosinyaa kuta zake zinakunjana zinaonekana nene, seli zinasogeleana zinaonekana nyingi. Wanyama wale walikuwa wameshakufa na hakuna namna ya kurudia lile pafu.

Kwaiyo jaza pafu. Fungua shingo, tafuta trakea, yaani lile bomba la hewa lenye vipingili, ingiza kanula (mrija mwembamba), funga uzi, alafu ruhusu fomalini ya asilimia 10 yenye bafa iingie kwa uzito wake yenyewe kutoka kwenye chupa iliyoinuliwa sentimita 20 mpaka 25 juu ya panya. Usisukume kwa bomba la sindano na dole gumba, utapasua vifuko alafu uje useme ni emfisema, ule ugonjwa wa vifuko kuharibika na kutanuka. Utaona pafu linafunguka taratibu kuanzia katikati kwenda pembeni, kingo zinakuwa kali, rangi inapauka. Likishajaa funga trakea ndo ulitoe, lilaze kwenye fomalini nyingi siku nzima au mbili. Na hapo kuna dalili ya bure: pafu zima linataka kuelea, inabidi ulifunike na pamba lizame, la nimonia kali linazama lenyewe.

Namna panya alivyouawa nayo inaacha alama. Gesi ya CO2 inaweza kutoa damu ndani ya vifuko, kuvunja shingo nako kunaweza kumwaga damu kwenye njia ya hewa, na wewe huku unaandika "hemoreji ya sepsis". Dawa ya usingizi ya kuzidisha kwa sindano inaleta fujo ndogo zaidi pafuni. Vyovyote iwavyo magrupu yote yauawe kwa njia moja, na kontroli wapite kila kitu isipokuwa ugonjwa.

Panga lobu, yaani sehemu kubwa ambazo pafu limegawanyika, kabla ya kukata. Panya ana lobu moja tu kushoto na nne kulia, sio kama sisi wenye mbili na tatu. Watu wengi wanatumia kushoto kwa hadubini, upande wa kulia wanaufunga uzi mapema wanaugawa, lobu moja ya uzito, nyingine ya protini au RNA. Ukishaamua usibadilishe katikati ya projekti. Na lobu uliyoiosha kwa maji ya kupima seli usiipeleke hadubini, maji yale yameshaondoka na neutrofili ulizokuwa unazitafuta.

Uzito mbichi kwa mkavu

Hiki ni kipimo cha bei rahisi kuliko vyote na kinajibu lile swali la kuvuja. Chukua lobu, gusisha karatasi ya kunyonya damu ya nje, weka kwenye foili uliyoipima, pima haraka. Haraka kweli, mana kipande cha miligramu 50 chini ya feni kinapoteza maji huku unatafuta kalamu. Alafu oveni nyuzi 60 kwa saa 48 mpaka 72.

Tuseme wa kontroli alikuwa miligramu 50 akabaki 12, uwiano ni 4.2. Mgonjwa alikuwa 66 akabaki 12.5, uwiano 5.3. Hapo kuna maji ya ziada. Pafu zima la panya mdogo huwa linakaa karibu na 4 hivi, ukipata kontroli wako wote wana 6 rudi kaangalie mikono yako kabla hujaangalia ugonjwa.

Umeme ukikatika usiku (na utakatika) usijitetee kwa kuongeza masaa kwa kukisia. Pima leo, rudisha ndani, pima kesho, uzito ukigoma kushuka ndo mkavu.

Kuna mtego mmoja. Pafu lililojaa seli na protini lina uzito mkavu mkubwa pia, kwaiyo kwenye nimonia nzito uwiano unaweza kuonekana wa kawaida wakati pafu limejaa. Ndo mana uangalie na uzito wenyewe, usiangalie uwiano peke yake.

Maji ya kuosha pafu

Unaingiza maji ya chumvi yenye bafa kwenye trakea unayavuta nyuma, mara kadhaa, unaandika kiasi kilichoingia na kilichorudi. Kwa panya mzima seli utakazopata karibu zote ni makrofeji, zile seli za kinga zinazomeza uchafu, kubwa, duara, zimetulia. Ukikuta neutrofili zimejaa hiyo ni habari. Kuzitambua: neutrofili ya panya mdogo kiini chake mara nyingi ni kama pete, duara lenye tundu katikati, au pete iliyosokotwa, sio vile vipande vitatu vilivyoungana unavyoviona kwenye vitabu vya damu ya binadamu. Mimi nilikuwa naziruka kwa sababu nilikuwa natafuta za vitabuni.

Maji yaliyobaki baada ya kuzungusha kwenye sentrifuji ili seli zishuke pima protini, na ukiweza pima albumini (protini kuu ya damu) na IgM. IgM ni kingamwili, molekuli kubwa sana, kama imepita ujue tundu ni kubwa. Ila maji yakiwa na wekundu wa damu ya mshipa ulioutoboa mwenyewe, andika hivyo, usiyahesabu kama kuvuja.

Kuna wanaotumia rangi ya Evans blue, inashikana na albumini kwenye damu, unaiingiza kwenye mshipa, unasubiri, unasafisha damu yote kwenye mishipa ya pafu alafu unaitoa rangi kwa formamide na kuisoma kwenye nanomita 620. Ukiruka kusafisha mishipa umepima damu. Na kipimo cha MPO, kimeng'enya cha neutrofili, ni hivyo hivyo, kinahesabu neutrofili zote, ziwe zimetoka nje ya mshipa au bado zinapita.

Sasa hadubini

Anza na lensi ndogo, ya 4 au ya 10, na usiguse kubwa kwa dakika kumi. Zunguka slaidi yote. Jiulize kama pafu lilijazwa: vifuko vya kontroli vinatakiwa kuwa wazi kama neti ya chandarua, kuta ni uzi. Jiulize ugonjwa uko mabaka au umeenea. Kama ni mabaka na yote yako kuzunguka njia za hewa, umeletewa nimonia hata kama boksi limeandikwa CLP, na huenda panya alivuta matapishi au kitu kingine, uliza.

Alafu nenda kwenye mishipa mikubwa inayotembea pamoja na njia za hewa. Hapa ndo nilipochelewa kujua. Maji ya pafu hayaingii kwenye vifuko moja kwa moja, yanaanza kujikusanya kwenye nyama laini inayozunguka mishipa, kitu ambacho Norman Staub na wenzake walikionyesha kwa mbwa 1967. Kwenye slaidi utaona mshipa umevaa kola, nafasi pana iliyopauka kati ya ukuta wa mshipa na vifuko vya jirani, wakati mwingine kuna nyuzi nyuzi ndani yake na mifereji ya limfu iliyotanuka. Ukiona kola hizo kwa mgonjwa na huzioni kwa kontroli, pafu limeanza kuvuja, hata kama vifuko bado ni vikavu. Nililitazama slaidi la panya wa CLP mara ya pili baada ya kujifunza hili, lile lile nililoandika "halina kitu", nikakuta kola kwenye karibu kila mshipa mkubwa, na ndani ya mshipa mmoja neutrofili sita zimejipanga ukutani kama watu wanaosubiri daladala chini ya kivuli. Slaidi lilikuwa linasema muda wote.

Mambo matatu yatakudanganya. Panya wakubwa (wale wa Wistar na Sprague Dawley) wana mikusanyiko ya limfosaiti, aina ya seli nyeupe, pembeni ya njia za hewa hata wakiwa wazima, ni tishu yao ya kinga, sio uvimbe wa sepsis. Mishipa ya vena ndani ya pafu la panya ina misuli ya moyo ukutani, pinki yenye mistari, ni kawaida yao. Na ukingo wa slaidi ambao maikrotomu, mashine ya kukata tishu, imeukunja usiusome kabisa.

Sasa panda kwenye lensi ya 40. Kuna mfumo wa maksi uliotolewa na jumuiya ya madaktari wa kifua ya Marekani, ATS, 2011, na wengi bado wanautumia. Unachukua fildi, yaani eneo unaloliona kwenye lensi kwa mara moja, zisizopungua 20 bila kuchagua, kila fildi iwe na vifuko angalau nusu ya eneo lake, na kila fildi unaipa 0, 1 au 2 kwa vitu vitano. Neutrofili ndani ya vifuko: hamna ni 0, moja mpaka tano ni 1, zaidi ya tano ni 2. Neutrofili ndani ya kuta: hesabu hiyo hiyo. Utando wa hayalini, ule utepe wa pinki unaong'aa uliolala ndani ya kifuko: hamna, mmoja, zaidi ya mmoja. Mabaki ya protini ndani ya kifuko, pinki ya chembechembe: vivyo hivyo. Mwisho unene wa kuta: chini ya mara mbili ya kawaida ni 0, mara mbili mpaka nne ni 1, zaidi ya nne ni 2.

Alafu ya kwanza unazidisha kwa 20, ya pili kwa 14, ya tatu na ya nne kwa 7 kila moja, ya tano kwa 2. Jumlisha zote, alafu gawa kwa jibu la (idadi ya fildi mara 100). Jibu linakaa kati ya 0 na 1. Angalia uzito wa unene wa kuta: 2 tu. Waliotengeneza walijua unavyodanganya, na kama ningekuwa naujua mfumo huu mwanzo zile wiki tatu nisingezipoteza kwa kutegemea kuta.

Utando wa hayalini usiusubiri sana. Kwa binadamu mwenye ARDS, ile hali ya mapafu kushindwa kazi ghafla, ni alama kubwa, kwa panya ni nadra, usilazimishe kila utepe wa pinki uwe utando. Na paper ya ATS inasema wazi kwamba injari inahitaji ushahidi wa zaidi ya aina moja: tishu, kuvuja kwa kizuizi, uvimbe, na kazi ya pafu kushuka. Hadubini peke yake haitoshi, ndo mana nimekuchosha na oveni na maji ya kuosha.

Usimgeuze panya kuwa mtu

Panya anavumilia LPS kwa kiasi kikubwa mno, watafiti wanampa miligramu kwa kilo wakati binadamu wa kujitolea anapewa nanogramu 2 mpaka 4 kwa kilo na anapata homa na kutetemeka, tofauti ni kama mara milioni. Damu yake ina neutrofili chache, 10 mpaka 25 kwa mia ya seli nyeupe, sisi tuna 50 mpaka 70. Akizidiwa hapandi homa, anapoa. Mwaka 2013 kuna paper ya jarida la PNAS ilisema jini za panya kwenye uvimbe hazifanani kabisa na zetu, wengine wakachukua data zile zile wakasema zinafanana sana. Mimi msimamo wangu ni kwamba panya anakufundisha mtambo wa kuvuja unavyofanya kazi, hakufundishi dozi ya mgonjwa.

Na sisi huku tuna sababu ya kuliangalia hili kwa makini. Utafiti wa FEAST wa 2011 ulichukua watoto 3,141 wenye homa kali na damu isiyofika vizuri mwilini, kwenye hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, waliomwagiwa maji ya haraka ya mshipa walikufa zaidi ndani ya saa 48, asilimia 10.6 kwa albumini na 10.5 kwa maji ya chumvi, waliopewa taratibu asilimia 7.3. Uchambuzi wa baadae ulionyesha wengi walipotea kwa mzunguko wa damu kushindwa kuliko mapafu kujaa, kwaiyo usiitumie kama ushahidi wa pafu, ila itumie kukumbuka kwamba maji ni dawa yenye dozi, na kwenye methodi zako uandike ulimpa kila panya mililita ngapi na saa ngapi. Rwanda nako, 2016, madaktari walichukua ufafanuzi wa ARDS wa Berlin wakaurekebisha ili utumie kile kipima oksijeni cha kidoleni na altrasaundi ya kifua, mana mashine za kupima gesi ya damu na za kupumulia ni chache. Unaitwa ufafanuzi wa Kigali. Ukiandika utangulizi wa tesis yako utaje huo, usiishie Berlin.

Kuhusu wanyama wenyewe nasema bila kupunguza. Panya wa sepsis anaumwa kweli. Manyoya yanasimama, mgongo unapinda, macho yanafumba, anaacha kusogea hata ukigusa boksi. Protokali iwe na maksi za ugonjwa na namba ambayo ikifika anauawa kwa dawa ya usingizi, sio kusubiri afe mwenyewe usiku, na dawa ya maumivu iandikwe humo. Russell na Burch, wale walioandika kanuni za utafiti kwa wanyama, walishasema 1959, punguza idadi, badilisha pale inapowezekana, boresha hali yao. Hata pafu la aliyejifia usiku halikufai, linaanza kuoza kabla hujafika asubuhi.

Kabla hujatoa namba

Mtu mwingine abandike karatasi za namba juu ya majina ya magrupu, yeye akae na orodha kwenye bahasha. Mpige maksi watu wawili, kila mmoja peke yake, msikae hadubini moja mkinong'onezana. Mkitofautiana sana kwenye fildi rudini pamoja muone ni kitu gani mnakiita tofauti, mara nyingi ni makrofeji mmoja wenu kaiita neutrofili. Panya mmoja ni namba moja, fildi 20 za panya mmoja sio sampuli 20, hili linakataliwa na watahini kila mwaka. Andika ulijaza pafu kwa shinikizo gani, uliua kwa njia gani, lobu ipi, saa ngapi baada ya ugonjwa, wangapi walikufa kabla ya muda na ulifanya nini na namba zao. Weka sahihi kwenye karatasi za maksi zote mbili, piga picha, alafu ndo mfungue bahasha.